Kiraka cha Ndege ya Mama

Wiki ambayo mama yangu alitakiwa kupanda ndege kwenda Dar es Salaam kutibiwa moyo, ndege ileile iligongwa na ngazi pale uwanja wa Musoma. Upepo wa ziwa uliisukuma ngazi ya abiria kabla breki haijafungwa, kona yake ikabonyeza ubavu wa ndege, nyuma kidogo ya mlango. Mimi ni fundi wa bodi za ndege. Nilikuwa kwenye karakana yetu Mwanza bosi aliponiita.

"Wewe si mtu wa Mara? Jiandae, mnaondoka na gari sasa hivi."

Tulikuwa tumefika Bunda, mimi na fundi mwenzangu, mama alipopiga simu kutoka kijijini kwetu Suguti. Habari ilishamfikia.

"Nasikia ndege yenyewe imetoboka. Mungu ameshanionyesha. Mimi sipandi."

"Haijatoboka, mama. Imebonyea. Ndiyo naenda kuitengeneza."

"Utaiwekea kiraka?"

"Ndiyo."

"Ndege yenye kiraka!" alisema, akakata simu.

Daktari wake alikuwa amekataa kabisa habari ya basi. Safari ni ndefu mno kwa moyo ule. Mwenzangu aliniangalia tu, akaongeza mwendo.

Bonyeo lenyewe halikuzidi kisahani cha chai. Mtu asiyejua angesema ligongwe kwa nyundo, lirudi, yaishe. Lakini ndege hii hupaa juu sana, ambako hewa ni hafifu, kwa hiyo ndani husukumiwa hewa ili watu wapumue. Kila safari bodi hutanuka kidogo, ikishuka hunywea. Ufa ukiachwa hapo, hautulii. Tulipaka dawa nyekundu ya kufichua ufa, tukaifuta, tukapuliza nyeupe ya kuivuta nje ile iliyozama. Mstari mwembamba ukajichora katikati ya bonyeo.

"Huu hapa," mwenzangu akasema.

Tulipiga picha, tukazituma kwenye kiwanda kilichoiunda ndege, wahandisi wake wakatutumia mchoro wa kufuata, na kesho yake tukaanza kukata.

Mchana nikamwona mama kwenye uzio, amebeba hotipoti. Sikumwita. Meneja wa uwanja alimwamkia, akamvalisha kikoti cha njano na kumletea kiti, akamwonyesha mwisho wa kusogea. Ndani ya hotipoti kulikuwa na ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha. Alitusubiri tunawe, tule, ndipo akauliza.

"Mbona mmekata tundu kubwa kuliko pale palipoumia?"

"Tunaondoa ufa wote, mama. Tukibakiza hata kidogo, utaendelea."

"Na kona mmezizungusha."

"Kona kali ndiyo huzaa ufa mwingine."

Alikaa akatazama tulivyoweka bati jipya kwa ndani, la alumini, pana kuliko tundu, tukalipaka gundi ya kuzuia hewa. Kisha ribiti, vile vipini vifupi vya kubana bati. Mwenzangu aliingia ndani ya ndege na kipande kizito cha chuma, mimi nikabaki nje na bunduki ya kupigia. Nikipiga huku, yeye anakaza kule. Kelele ilipoanza mama aliziba masikio, akacheka peke yake. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue.

Gundi ilipokauka, siku ya kupima, alikuja tena. Tulifunga milango, tukajaza hewa, nikapaka maji ya sabuni juu ya kiraka. Povu dogo likachipuka chini ya ribiti moja, pembeni.

"Nini?" mama akauliza kutoka kwenye kiti.

Nilitamani kumficha. "Inavuja, mama."

Nilingoja aseme alijua tu. Badala yake akauliza, "Kwa hiyo mnapimaga kwanza, kabla watu hawajapanda?"

"Kila mara."

"Na ikivuja?"

"Tunarudia mpaka iache."

"Haya, rudieni."

Tulitoa hewa, nikaing'oa ile ribiti, tukasafisha, tukapaka gundi upya na kupiga nyingine. Ilipokauka tukajaza hewa tena. Nilipaka sabuni, nikainama mpaka pua ikakaribia kugusa bati. Hapakuwa na povu. Mkaguzi aliyekuja kuthibitisha kazi alipita kila ribiti kwa kidole, akapima mwenyewe, akatia saini.

"Nitapanda," mama alisema. "Ila ukae pembeni yangu."

Nilikaa. Wakati wa kupaa alinishika mkono, macho ameyafumba, anasali kwa Kijita, lugha yetu. Ndege ilipotulia alifumbua jicho moja, akachungulia dirishani, kisha la pili. Chini visiwa vilikuwa vimetawanyika ziwani.

"Kumbe ziwa letu ni kubwa hivi," akasema.

Walimtibu moyo na tukarudi naye nyumbani. Sasa anapanda ngazi ya kanisa bila kusimama kupumzika. Daktari amemruhusu kutembea na kupika, jembe bado. Juzi nilipompigia nikasikia anahema.

"Uko wapi, mama?"

"Shambani," akanijibu. "Napalilia mihogo kidogo tu. Usimwambie daktari."