Hodi ya Mwanga Kutoka Kilima cha Nyaishozi

Alhamisi, tarehe 9 Juni 1910. Asubuhi hii kuna baridi, na ukungu mzito umejaa mabondeni. Huku juu kilimani Nyaishozi mbingu ni safi, na Zuhura, nyota ya alfajiri, bado inang'aa upande wa mashariki.

Saa kumi na mbili kasorobo, Seif bin Marijani anapangusa kioo chake kwa kitambaa. Kioo ni kidogo, upana wa kiganja, nacho kimekazwa juu ya miguu mitatu ya mti. Anachuchumaa, anafumba jicho moja, anakilenga kilima kimoja cha mbali sana upande wa kaskazini. Hicho ni kilima cha Kimuli. Kwa miguu ni safari ya siku mbili na nusu.

Anangoja jua. Linapochomoza analipokea kwa kioo na kulituma Kimuli. Kisha anashika kibao chake, anaziba mwanga na kuufunua. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Halafu anakiweka kibao magotini na kutulia.

Kimuli kuko kimya.

"Leo siku ya tatu," anasema, bila kugeuza uso. "Tangu Jumanne napiga hodi, na mwenye nyumba haitiki."

Seif ana umri wa miaka arobaini na moja. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa pwani aliyefika Kafuro na misafara ya vitambaa na shanga. Mama yake ni Mnyambo wa Ihembe. Baada ya kufiwa na baba alibeba mizigo, akauza chumvi, akapika katika kambi za wasafiri. Mwaka jana, baada ya Idi, aliandikwa kazi na wapima nchi.

Kazi yake ni kumulika. Mpima nchi ni Mdachi, na watu wote humwita Bwana Mpima. Hema lake liko chini kidogo ya kilele. Hutazama kwa darubini mwanga wa kila kilima, huandika pembe zake, na kwa pembe hizo huchora ramani ya nchi. Seif humulika wakati huo ili kilima chake nacho kipimwe na wapima walioko kwenye vilima vingine. Mshahara ni rupia nne kwa mwezi pamoja na posho. Maji yako mwendo wa saa nzima bondeni. Upepo umewahi kung'oa paa la kibanda chake mara mbili, na jicho lake la kushoto limefifia kwa mwako wa kioo.

"Sijutii," anasema. "Mungu amenipa jingine."

Keshokutwa, Jumamosi, vioo vya vilima vyote vitashushwa, maana kazi imekwisha. Pembe za Kimuli zilimalizika kupimwa wiki iliyopita, kwa hiyo hakuna aliyetumwa kwenda kuuliza kwa nini mshika kioo wa huko amenyamaza. Seif aliomba ruhusa aende mwenyewe, akaambiwa angoje mpaka Jumamosi, kwa sababu kioo chake bado kinahitajiwa.

Katika daftari la Bwana Mpima mtu wa Kimuli ameandikwa Bilali bin Feruzi. Seif hajawahi kumwona.

"Sijui sura yake wala sauti yake," anasema. "Najua mwanga wake tu. Kioo kikishushwa kabla hajaitika, nimempoteza rafiki, na sitajua kama yu hai au amekufa."

Urafiki huo ulianza kwa aibu. Katika wiki yake ya pili kazini, Seif aliona mwanga mkali upande wa Ihembe. Alidhani wapima wameweka mtu mpya huko. Akamsalimu kwa alama za kazi, asubuhi nne mfululizo, na kila asubuhi mwanga ule ulikuwapo saa ile ile, ukimetameta vizuri. Siku ya tano akapanda Mzee Abdulrahim, mwenye duka hapo Nyaishozi, akamuuliza anaongea na nani. Seif akamwonyesha.

"Lile ni bati la ghala langu jipya!" anasimulia Mzee Abdulrahim, akishika mbavu kwa kucheka. "Nimelipigilia misumari kwa mkono wangu. Nikamwambia, bwana Seif, ukitaka kuoa hapo, mahari unaleta kwangu."

Tangu siku hiyo sokoni wakamwita Mkwe wa Bati.

Mtu mwingine angekasirika, lakini Seif alikaa na kufikiri. Alijiuliza: bati linang'aa, maji ya ziwa yanang'aa, hata jiwe lililolowa umande linang'aa. Nitajuaje penye mtu?

"Nikakumbuka mama yangu alivyonifunza adabu," anasema. "Ukifika kwenye nyumba ya watu, hata mlango uwe wazi, hata moshi utoke jikoni, huwezi kusema pana mtu mpaka umepiga hodi, mara tatu. Ukiitikwa, pana mtu. Usipoitikwa, unarudi kwa heshima, wala hutukani nyumba."

Basi akaelekeza kioo Kimuli akapiga hodi kwa mwanga: mmoja, miwili, mitatu. Kwa wiki tatu mtu wa Kimuli alijibu alama za kazi tu, kwa uzito, kama aliyeamshwa usingizini. Kisha asubuhi moja ya Ijumaa, baada ya ule wa tatu, Kimuli ikamulika mara nne.

Seif anasimama anaposimulia hapo. "Nne! Hakurudia tatu zangu kama mwangwi wa bondeni. Aliongeza moja. Jiwe haliwezi kuhesabu. Nikapiga magoti pale pale nikamshukuru Mungu, maana nilijua nimeitikwa na mwenye akili."

Kutoka hapo wakatunga lugha, neno baada ya neno. Mrefu, mfupi, mrefu ni mvua inakuja. Mitano ya haraka ni "umekula?" Mmoja mrefu sana ni "napumzika", na tangu mwezi wa tatu Kimuli imekuwa ikilisema sana hilo, hata Seif akadhani rafiki yake anazeeka, au amekuwa mvivu. Kibao kikitikiswa mbele ya kioo mwanga hutetemeka, na hicho ni kicheko. Kila adhuhuri Kimuli ndiyo huanza kuuliza kama Seif amekula.

"Nilimwambia huyu," anadakia mkewe, Zuleha, ambaye amepanda na chungu cha ndizi na maharage. "Mwanamume gani anamuuliza mwanamume mwenzake kila siku kama amekula? Akaniambia nyamaza, hujui mambo ya kazi."

Mwezi uliopita, nyota yenye mkia ilipowatia watu hofu, wengi walimwendea Bwana Mpima kuuliza habari za mbinguni. Aliwaambia kwamba kwao wako wenye elimu wanaosema nyota nyekundu, Mirihi, ni nchi kama hii yetu, na kwamba huenda wako watu huko waliochimba mifereji. Wengine wanakana, wanasema macho yamewadanganya. Na wako waliowaza kujenga vioo vikubwa wawamulikie watu hao.

Maneno hayo yalimwingia Seif. Kwa mwingine ilikuwa hadithi. Kwake ilikuwa habari ya kazi yake mwenyewe.

"Sasa anatafuta mkwe mbinguni," watu wakasema.

Alhamisi hii Mzee Abdulrahim amepanda tena, mfuko wa kahawa ya kutafuna mkononi. Seif anamwamkia, "Shikamoo mzee," naye anaitika marahaba na kumgawia punje.

"Niambie, mwanangu," anasema mzee. "Kweli unaamini wako watu Mirihi?"

"Sijasema wako. Nasema hatujapiga hodi."

"Na kama Mungu hakuweka mtu huko?"

"Basi tutarudi kwa heshima. Lakini mzee, katika sala tunamwita Bwana wa walimwengu wote. Wewe uliambiwa ni wangapi?"

Mzee anatafuna punje nyingine. "Sikuambiwa," anakiri. "Lakini huyo wa Kimuli hajibu, na yuko hapa hapa duniani. Wa Mirihi atakujibu?"

Seif anatazama kaskazini. Mwandishi wa habari hii, aliyeketi kando yao, aliona midomo yake ikitembea katika dua, na yeye pia akamwombea Bilali ambaye hakumjua.

Ijumaa ilipambazuka vivyo hivyo, hodi na ukimya. Baada ya sala ya adhuhuri, Mzee Abdulrahim alipanda na wanaume saba wa msikitini, maana habari ilikuwa imeenea, na hata waliomcheka walitaka kujua mwisho wake. Zuleha alikuwapo. Bwana Mpima alikuwa ameketi kwenye kiti chake, akifunga darubini katika sanduku.

Saa nane kasoro kidogo, Kimuli ikang'aa.

Watu wakapiga kelele. Mmoja akatupa kofia yake juu. Seif akarukia kibao: mmoja, miwili, mitatu.

Kimuli ikajibu miwili. Ikazimika. Ikajibu mmoja mrefu, ukayumba, ukapotea, ukarudi.

Seif akaweka kibao chini. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mbona huna furaha?" akauliza Mzee Abdulrahim. "Si huyo amekujibu?"

"Pana mtu," akasema Seif polepole. "Lakini huyu siye. Mkono si ule. Huyu hajui nne."

"Ah! Wee! Kutoka huku utajua mkono wa mtu?"

"Mzee, wewe ukisikia hodi mlangoni, humjui mwanao?"

Hakuna aliyecheka. Ikawa kama tumefika matangani.

Saa tisa na nusu tarishi akapanda kilima, miguu imejaa vumbi. Alikuwa ametoka Kimuli alfajiri ya Jumatano na barua ya herufi za Kiarabu. Seif akaipokea, akampa mzee aisome. Mzee Abdulrahim akaisoma kwa sauti, na mwandishi aliinakili kwa ruhusa yao:

"Kwa ndugu yangu Seif bin Marijani. Salamu sana. Nakuomba radhi. Wiki tatu baada ya kuanza kazi nilipata kidonda cha mguu, sikuweza kusimama. Nilimwonyesha mke wangu Mwaja alama, akashika kioo mahali pangu ili tusipoteze kazi. Tangu hapo aliyekujibu ni yeye, si mimi. Hizo hesabu zenu na vicheko mimi sivijui. Jana Jumanne amejifungua mtoto wa kike, baada ya uchungu mkubwa, na wote wawili ni wazima, alhamdulillahi. Anasema umeachwa mlangoni bila kuitikwa, na jambo hilo linamsumbua kuliko maumivu. Mguu wangu unapona. Nikiweza kusimama nitajaribu kumulika, lakini usinicheke."

Kisha Seif akajifunika uso kwa mikono miwili.

"Astaghfirullahi! Miezi minane naongea na mke wa mtu!"

"Na mimi nakupandishia chungu!" Zuleha akasema. Akajaribu kukunja uso, kikamshinda kicheko, akakaa chini akicheka mpaka machozi yakamtoka. "Nilisema! Nilisema mimi! Yule anajua maana ya njaa ya mtu!"

Bwana Mpima akataka aelezwe. Alipoelezwa alifungua sanduku, akatoa daftari, akapitisha kidole. Alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba katika vilima kumi na viwili hakuna kilichomulika kwa utulivu kama Kimuli. Akachukua kalamu, akaiweka kando ya jina la Bilali, akauliza jinsi jina la Mwaja linavyoandikwa.

Mzee Abdulrahim hakutaka kuacha. "Haya, mwanangu. Ulidhani ni bwana, kumbe ni bibi. Huyu ni wa Kimuli tu! Bado utatuambia habari za Mirihi?"

Seif aliondoa mikono usoni. Jibu lake mwandishi anaona lafaa kuhifadhiwa.

"Mzee, nilikosea alivyo. Nilimpa ndevu, nikampa uzee, na siku alipochoka kwa kubeba mimba nikamwita mvivu. Yote hayo niliyatunga mwenyewe. Lakini kwamba yuko, na ana akili, na ana huruma, hapo sikukosea. Walioko mbali, hata hao wa Mirihi kama wako, wakiwaza habari zetu, bila shaka wanakosea vivyo hivyo. Ndiyo maana mtu hukaribishwa ndani, akaonana na mwenyewe."

Mzee akamtazama, kisha akamwekea punje ya mwisho ya kahawa mkononi. "Mkwe wa Bati amekufa leo," akawaambia wenzake. "Asiitwe tena."

Mshika kioo huyu hana mpango mkubwa wa maisha. Akishakabidhi kioo anataka kurudia biashara ya chumvi, na jioni, macho yakiruhusu, kuitazama Mirihi akiwa amekaa uani kwake. Lakini lipo jambo la kwanza. Jumatatu ni siku ya saba ya mtoto wa Kimuli, siku ya kuchinja na kupewa jina.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Seif alimulika mara ya mwisho, akautikisa mwanga kwa kicheko, nako Kimuli Bilali akayumbisha kioo chake awezavyo. Halafu Seif akavua kofia, akaelekea kaskazini, akasema kwa sauti mbele ya mkewe, Mzee Abdulrahim, wale watu saba, Bwana Mpima na mwandishi huyu:

"Mungu shahidi, nanyi mashahidi. Kesho nikishusha kioo hiki naondoka na Zuleha na mbuzi mmoja. Jumatatu nitasimama nje ya nyumba ya Bilali, na kabla sijaingia nitapiga hodi kwa mdomo wangu, mara tatu. Ya nne namwachia Mwaja."