Hitima ya Mbwa wa Bosi

Nayasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na Mwanaisha, maana yeye akisimulia hutia chumvi mpaka chungu hakiliki: ni kweli, mie Zuhura, nyanya wa wajukuu watano, mtu wa swala tano na ulimi usioogopa mtu, niliwaweka wanawake wa watu kitako jikoni Riyadh wakamsomea mbwa Yasini. Chekeni mmalize, ndipo niendelee.

Ilikuwa miaka ile mawakala walipokuwa wakipita mlango kwa mlango kwetu Pwani wakitafuta wanawake wa kupeleka Saudia. Mie nikapelekwa Riyadh, mtaa wa Malaz, nyumba yenye ua mkubwa, na wakala (Mungu anamwona) aliniambia kuna watoto wawili wa kulea, hakuniambia kuna mbwa pia, wale wembamba wa kuwindia sungura. Nilimkuta Rima, jike, mtu mzima, na mwaka uleule akaletwa Faris, mdogo hata kusimama hajui, nikamlea kwa chupa kwa mikono hii.

Sasa mtu wa kwetu na mbwa mnajua wenyewe. Nilikuwa na nguo za mbwa na nguo za swala, mbalimbali, na ndoo ya mchanga safi nyuma ya jikoni, nikilambwa naosha mara saba na moja yake kwa mchanga kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani, mpaka mikono ikapauka kama ya fundi chokaa. Lakini wenzangu sikuwaambia ng'o! Wenzangu ni akina Mwanaisha wa kampuni ya usafi, waliokuwa wakilala Al-Murabba na Ijumaa wanapumzika. Ningewaambiaje, na mie ndiye niliyekataa mahamri ya Mama Tima mbele ya watu kwa sababu nyumba aliyokuwa akifanyia kazi ina mbwa? Nilimwambia usoni, "Mkono unaoshika mbwa mie silii." Huku mie nyumbani ninao wawili! Kwa wale wanawake mie nilikuwa mlezi wa watoto, basi.

Baridi ilipoingia, bosi akaenda jangwani kuwinda, akarudisha gari nyuma bila kutazama, akamkanyaga Faris. Wakamfukia hukohuko. Wiki ileile shule zikafungwa, familia nzima ikaenda Jeddah, Al-Rawdah, kwa mama yake madam ambako hakuna baridi, nikaachiwa ufunguo na Rima.

Nyumba ikanyamaza. Rima hali. Kalala juu ya blanketi la Faris, pua imeelekea ukutani, nimpikie kuku, nimchambulie mifupa, hali. Nikamvisha sweta langu la zamani, nikamwingiza chumbani kwangu. Basi mchana kutwa ni mie na yeye, yeye anahema, mie namenya viazi visivyo na mlaji. Siku ya nne nikajikuta nalia, nalia kweli kweli, makamasi yote, na ndipo Mwanaisha akapiga simu.

"Shoga, mbona sauti hivyo?"

Ningesema nina mafua. Neno moja tu, mafua, ningesalimika. Mie nikasema, "Faris amefariki."

"Faris ndiye nani?"

"Kijana niliyemlea hapa. Nimemnywesha kwa mkono wangu."

"Innalillahi! Amekufa na nini?"

"Gari."

"Na wenye nyumba?"

"Wote wako Jeddah." (Uongo uko wapi hapo? Nitafutieni. Ndilo balaa lenyewe.)

"Wamekuacha msibani peke yako? Haiwezekani. Ijumaa tunakuja."

Nilikuwa na siku tatu za kumwambia asije. Kila siku naishika simu, naiweka. Na niseme lililo chungu: nilitaka waje. Miaka miwili nimo katika ile nyumba, hapana mtu aliyekanyaga pale kwa ajili yangu.

Ijumaa baada ya swala wakashuka kwenye teksi, watatu: Mwanaisha, mpwa wake Saumu, na Mama Tima, kabeba nini? Mahamri. Nikamfungia Rima chumbani, nikatandika mkeka. Wamekuja na juzuu zao, wamejitanda vizuri, wananipangusa machozi, wananiita maskini. Yasini ikasomwa mpaka mwisho. Mwanaisha akainua mikono: "Ewe Mola, umpe kijana huyu makazi mema, umwondolee adhabu ya kaburi..." na mie nasema amin, ulimi mzito kama nimeng'atwa na nyuki.

Simu ikalia. Madam. Sikio langu la kushoto limekufa zamani, kwa hiyo simu yangu huiweka sauti ya kusikiwa na mtaa mzima, na wale wote Kiarabu wanakijua.

"Zuhura, Rima amekula? Usimwonyeshe kamba ya Faris, atazidi kulia. Mwambie kuwa baba anatafuta mbwa mwingine kama Faris."

Mungu shahidi, nilisikia kahawa ikipoa vikombeni. Na Rima, aliposikia jina lake, akaupiga mlango kwa miguu mpaka ukafunguka, akaja na sweta langu mwilini, akalaza kichwa mapajani mwangu katikati ya juzuu. Wanawake wakaruka! Saumu alizikusanya juzuu kifuani kama nyumba inaungua.

"Umenifanya nimwombee mbwa?" Mwanaisha alisema polepole, na ule upolepole ndio ulionikata. "Mbwa, Zuhura? Wewe?"

Mama Tima hakupiga kelele. Aliinama, akalifunika sahani lake la mahamri, akalichukua. "Mkono unaoshika mbwa," akasema, "na mie silii wala silishi." Wakaondoka.

Kufika Jumamosi, kila Mkenya wa Riyadh alikuwa ameshanitumia pole ya Marehemu Bwana Faris. Sawa. Hiyo ningeimeza, mie nimemeza makubwa zaidi.

Lakini baridi haijaisha, simu ikaja kutoka nyumbani: mama amefariki. Mama yangu mzazi. Bosi akasema ningoje mkataba uishe, kwenda mafi, yaani hakuna. Nikampigia Mwanaisha, ningempigia nani mwingine?

"Mwanaisha, mama amefariki."

Akaniuliza, "Huyu naye ana miguu mingapi?"

Nyuma yake nikasikia watu wakicheka. Nikakata.

Nilikaa kwenye ule mkeka siku tatu nikipokea pole za mtu asiyekuja. Rima alilala mlangoni. Alikuwa ameanza kula.

Mwanaisha alijua ukweli mwezi mzima baadaye, kwa watu wa nyumbani. Alikuja na kilo mbili za sukari, akalia hadi kichwa kikamuuma, nikampa kahawa, tukanywa kila mtu anatazama kikombe chake. Simlaumu. Nani aliyemfundisha kutoniamini?

Basi sasa nikilia, na mtu akiniuliza, nakitaja kilichokufa kwa jina lake, kuku awe kuku, mbwa awe mbwa, acheke atakayecheka. Maana aibu ya kumlilia mbwa ingeisha wiki ileile. Hii ya kumkosesha mama yangu hitima kwa mdomo wangu mwenyewe, ninazeeka nayo.