Isale Juu ya Sahani ya Mnafu

Baba yangu alikulia Old Moshi enzi ambazo wali ulionekana Krismasi na Pasaka, basi. Siku nyingine zote ilikuwa ndizi na maharage, au ndizi na mnafu, ile mboga chungu inayojiotea yenyewe kihambani, shamba la kuzunguka nyumba, kati ya migomba na mibuni. Kwa hiyo alipopata kazi mjini na kujenga nyumba ya tofali, alijiapiza kula wali kila siku ya Mungu. Mchele wa Mabogini, kule tambarare, ulipanda mlimani kwetu kwa magunia. Mnafu akauita chakula cha mbuzi.

Mama alimpikia. Wali wake uling'aa kwa mafuta, na chai yake ya maziwa ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko. Mawifi walimsifu, maana kwetu mume akinawiri sifa ni za mke.

Kisha Baba akapata kidonda kwenye kidole cha mguu, kikakataa kupona. Kliniki wakampima, wakakuta sukari imepanda. Daktari alimpa dawa, akaeleza bila kuzunguka kwamba dawa peke yake haitatosha: asipobadilisha chakula, mguu unaweza kukatwa. Mboga za majani kwa wingi, maharage, ndizi chache, wali kwa nadra, soda aisahau. Mimi niliyemsindikiza nilitoka pale nikiirudia orodha hiyo kimoyomoyo. Baba alitoka akiuliza kama kuna hoteli ya karibu yenye pilau.

Nyumbani tulimbembeleza mpaka tukachoka. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikampigia na kelele.

"Nilikula majani nikiwa maskini," alinijibu. "Mnataka nife maskini?"

Mama akimwekea mnafu, sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Kidonda kikaanza kunuka. Nilipombadilishia bandeji asubuhi nilizuia pumzi na machozi kwa pamoja, huku yeye akinisimulia habari za mpira.

Jumapili moja, tulipotoka kanisani, Mama alipitiliza kihambani na kitenge chake kizuri. Alirudi na mnafu, akaupika na maharage na ndizi kidogo, akampakulia Baba. Halafu juu ya sahani akalaza jani moja refu la kijani. Isale.

Isale ndio mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Aliyekukosea akikuletea jani lake, unasamehe. Kulikataa ni jambo ambalo kwetu hatulitanii. Nimewahi kuona ndugu waliopigania mpaka wa shamba wakikaa chini na kupatana kwa ajili yake. Lakini mezani, juu ya chakula, sikuwahi kuliona.

Baba alilitazama, akamtazama Mama. "Umenikosea nini?"

"Nimekulisha vibaya miaka yote hii, nikidhani ndiko kukupenda," Mama alisema. "Ile sukari niliitia kwa mkono wangu huu. Nisamehe, Baba. Na kama umenisamehe, kula."

Mama ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika, naye ndiye aliyeomba radhi! Baba alilichukua lile jani kwa mikono miwili, akalifuta mvuke kwa shati lake la kanisani, akaliweka mapajani. Kisha akala. Uchungu wa mnafu ulimkunja uso, lakini aliendelea mpaka sahani ikawa nyeupe. Mimi chakula changu kilipoa nikimwangalia, nisiamini kwamba jani lililoota nyuma ya choo chetu lina nguvu kiasi kile.

Kidonda kilichukua miezi kufunga, na vidonge anameza hadi leo. Mguu upo. Anapanda nao kilima kwenda kukata majani ya ng'ombe, nami kila nikimwona nasimama kidogo.

Tatizo lilibaki kwenye sherehe, maana huku kwetu mgeni hakatai chakula. Ukisema daktari amekukataza, watakucheka, "Daktari hayupo hapa, kula!" na kukurundikia pilau. Baba hamtaji daktari. Anaisukuma sahani taratibu na kusema, "Nimeletewa isale."

Aliyeshika upawa anaurudisha sufuriani. Kisha mwenye nyumba anainuka kwenda kumtafutia mnafu.