Sabuni na Machozi ya Mwimbaji wa Koboko

Wiki iliyopita, mjini Koboko, tulimzika mwimbaji ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa wimbo mmoja tu, ule wa kumlilia mama yake. Aliugua ini kwa muda mfupi, akaenda. Mimi nilimfahamu kama jirani. Alipofika mjini Arua kutoka Sudan Kusini alipanga chumba nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Awindiri, na wimbo ule niliusikia akiuimba huku anafua, kabla haujawa mali ya watu. Mama yake aliuawa njiani walipokuwa wakikimbia vita, akaachwa palepale bila kaburi. Ule wimbo ndio uliokuwa mazishi yake.

Redio zikaupenda, na kampuni moja ya sabuni ikaupenda zaidi, ikagharamia filamu ya maisha yake. Siku ya kupiga picha aliniomba nimsindikize. Barabara aliyopita akikimbia vita siku hizi ina lami na maduka, haikuwafaa wapiga picha, basi wakatupeleka kwenye njia ya vumbi kule Manibe, katikati ya mihogo. Wakamvisha gauni lililochanwa makusudi, wakamlaza chini mwanamke wa kukodi awe maiti ya mama yake, wakamwambia apige magoti kando yake.

“Mama yangu hakufa hapa,” akasema.

“Dada, watazamaji hawatajua,” mwongozaji akamjibu kwa upole.

“Mimi najua. Na huyu mama iko hai, ananiangalia.”

Hata hivyo alipiga magoti, maana alikwisha kutia saini mkataba. Machozi yakagoma. Wakampaka kitu cha kuwasha chini ya macho, yakatoka, nao wakapiga makofi.

Filamu ilipoonyeshwa kule Onduparaka, kila aliyenunua sabuni alipewa fulana yenye uso wake ukilia. Ilipofika pale pa magoti watu walilia kwelikweli, naye akainuka, akatoka nje. Hakuimba tena. Alihamia Koboko kuuza samaki wakavu, na hata huko wateja walimwambia, “Dada, tulilie kidogo.” Nilipomtembelea mara ya mwisho alisema, “Zamani nikifunga macho naona mama. Sasa naona ule mwanamke ya filamu.”

Mazishini lilikuja gari la kampuni na spika, likaanza kuupiga wimbo wenyewe. Kaka yake akawaomba wazime. Walizima, kisha wakagawa sabuni, na waombolezaji wakapanga foleni.

Tangu siku hiyo nasikia watu wakilaumu soko kwa kuuza machozi yake, kana kwamba soko ni mgeni asiyekaa hapa kwetu. Nani alizivaa zile fulana mpaka zikachuja? Tulimwonea huruma kwa namna iliyotustarehesha, na alipochoka kulia tukasema ana maringo. Mtu akitusimulia alivyofiwa, tumsikilize mara moja, tumpe pole, kisha tumwachie maiti wake.