Jina la unga wetu lilivyogonga kwa baba mkwe

Wakuu, habari za asubuhi, na shikamooni mlio wakubwa. Mimi huwa nasoma nyuzi zenu napita kimya, hata kwa mdomo siongei sana. Ila hili limenichosha, na sijaongeza chumvi.

Lilianza jana Ijumaa, saa kumi kamili jioni, uani kwetu Pito, hapa Sumbawanga.

Mama na wenzake wanauza unga wa ulezi wa uji. Mwenye duka mmoja mjini alikubali kuuweka, ila mifuko ifike Jumamosi kabla ya saa sita, ikiwa na jina ambalo hakuna bidhaa nyingine iliyo nalo. Tukichelewa, nafasi anapewa mwingine.

Mimi niko form three, klabu ya kompyuta. Nikatengeneza kiprogramu kwenye simu kinachounga silabi na kutoa majina mapya yanayotamkika. Nilijiona wa maana sana.

Nikawasomea kina mama la kwanza, Zivora.

"Hiyo sabuni."

Pekimo.

"Dawa ya minyoo hiyo, mwanangu."

Saa nzima wakuu!! Wanacheka tu.

Nikasoma Lukeya. Vigelegele! Mama Deo, mwenyekiti, akasema, "Hilo hata kibogoyo analitamka!"

Mama Kulwa peke yake hakupiga. Huyu ndiye muuzaji wetu, akiita wateja sokoni hata viziwi wanageuka. Ukoo wao ulihamia huku na ng'ombe kutoka Usukumani.

"Jina zuri," akasema. "Ila mimi siliuzi."

"Kwa nini?"

"Ni la baba mkwe."

Kwao mwanamke hatamki jina la baba mkwe. Iwe utani, iwe biashara, hatamki. (Mimi naliandika hapa kwa sababu sijaolewa, na sitaki maswali PM.)

"Lakini limetoka kwenye simu!" nikasema. Mimi nisiyeongea.

"Limetoka kwenye simu, na mwenyewe juzi kala ugali kwangu."

Mama Deo akadakia, "Si uwe unasema tu 'ule unga'?"

"Haya, mtaje wa kwako tukusikie."

Mama Deo akaanza kufunga kitenge upya. Kumbe na yeye!

Bila Mama Kulwa hatuuzi hata kilo. Basi nikajifanya mjanja: kila mtu anitajie jina la mkwe wake, niyaondoe kwenye programu.

Wakaanza kukusanya vikapu vyao.

Ndipo nikaelewa nimeuliza nini. Wanitajie majina wasiyoyataja! Nilitamani kuitumbukiza simu kwenye pipa la pumba. Tukatawanyika bila jina, mama hata chai hakunywa.

Leo alfajiri, na baridi yetu hii ya Ufipa, nimepita nyumba kwa nyumba kuwauliza hao wakwe wenyewe majina yao. Mimi ninayejificha jikoni wageni wakija.

"Shikamoo babu. Naomba kujua jina lako."

"Marahaba. Nimefanya kosa gani?"

Mzee Lukeya nikamweleza yote. Akashangaa, "Yaani watu waninywe asubuhi na sukari? Futa."

Nikafuta yote yanayokaribiana na ya wazee. Saa mbili tukakaa tena uani, nikasoma Timola, macho kwa Mama Kulwa.

Akageukia barabarani. "Timolaaa! Timola ya uji!"

Jirani akauliza juu ya ukuta, "Timola ndiyo nani tena?"

"Siyo mkwe wa mtu!"

Nilichojifunza: kabla hujabuni jina, kaa kwanza na yule atakayelitangaza. Mashine haina wakwe. Kwenu vipi, mnawataja? Nipigeni spana taratibu, ni uzi wangu wa kwanza.

Naandika nikiwa stationery mjini. Kaka wa lebo ameniuliza, "Dada, tuandike nini?"

Nimelisema kwa sauti, foleni nzima ikageuka. Nikalirudia.