Mama Regina na Wino Mwekundu wa Deusi

Ipo siku moja, mwanangu, siwezi kuisahau. Ilikuwa miaka ya themanini hapa kijijini kwetu Kanoni, nami kijana, mmoja wa waliojitolea kuandaa gazeti la ukutani. Watu walileta habari zao, sisi tukazichagua na kuzibandika kwenye ukuta wa ghala la kahawa. Hatukulipwa hata senti, lakini majivuno tuliyokuwa nayo, acha tu!

Dada Dafroza, mkulima ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, alileta maneno mafupi ya kuwashukuru majirani waliomzika mama yake. Mwenzetu Deusi akayabandika, kisha chini yake akaandika kwa wino mwekundu: "Wakimbizi wamezidi kelele." Watu wakasoma, wakacheka. Dafroza naye akasoma, akajifunika kanga usoni, akaondoka.

Sisi tukamtetea Deusi. Eti anajitolea, tena ana mwandiko mzuri, tukimuudhi atatuachia kazi. Kiongozi wetu, Mama Regina, mfanyabiashara wa kutoka Muleba, hakutaka hata kutusikiliza. Aliibandua ile karatasi mbele ya watu, akaenda kwa Dafroza kumuuliza anataka nini.

"Aje aniambie hapa, nikimtazama," Dafroza akajibu.

Tukampeleka Deusi. Dafroza akatuwekea kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote anavyopewa kwetu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Haya, yaseme uliyoyaandika."

Deusi alibaki na punje za kahawa kiganjani. Machozi yakamtoka. "Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Lakini waliomzika mama yangu bado hawajashukuriwa."

Mama Regina akamgeukia Deusi. "Kalamu weka chini kwanza. Dada ataandika mwenyewe, wewe utapaka gundi."

Ndivyo ilivyokuwa. Dafroza aliandika majina ya majirani wote, kwa herufi zilizopinda, na mwisho kabisa akaongeza: "Pia Deusi, aliyekuja nyumbani kwangu." Hapo hakuna aliyecheka. Mama Regina nilimpenda tangu siku ile, na ninampenda mpaka leo.

Sasa wewe, mwanangu, unayesimamia kundi lenu la kwenye simu, mheshimu anayejitolea, lakini asipewe ruhusa ya kutukana kwa sababu halipwi. Anza na aliyeumizwa, umuulize anataka nini. Aliyekosa mwondoe kwenye kazi ile bila kumdhalilisha, na umwachie njia ya kurudi.

Mungu akupe moyo wa Mama Regina, na kila atakayeingia mlangoni pako ajione yuko kwao.