Siku Shangazi Alipoitikia Bila Kusikia

Wodini wenzake walimwita shangazi yangu Chuma. Gonjwa lilipoingia, wauguzi walianza kuugua mmoja mmoja, na zamu zao akazibeba yeye, siku kumi na tisa mfululizo. Nyumbani alikula amesimama. Binti yake akimwambia, "Mama, chumvi imekwisha," yeye hujibu, "Marahaba."

Katika wodi yao dawa kali ya sindano haitolewi na mtu mmoja. Wa kwanza husoma kwa sauti kitanda, dawa na kipimo. Wa pili hutazama kichupa na faili, ndipo aseme "sawa" na kutia sahihi.

Asubuhi hiyo msomaji alikuwa muuguzi waliyesoma naye chuo kimoja, bwana mmoja mcheshi.

"Kitanda cha sita. Dawa ya moyo, ndoo mbili, na soda baridi."

"Sawa," shangazi akajibu, akatia sahihi.

"Chuma, nimesoma nini?"

"Kitanda cha sita, dawa ya moyo."

"Na soda."

Shangazi akawaka. "Unaleta mzaha kwenye dawa za watu?"

"Leo ni mzaha, dada. Jana haukuwa. Nilipitiwa nikasoma kumi badala ya moja, nawe ukasema sawa. Nilishtuka sindano iko mkononi mwangu, kabla sijamchoma mgonjwa."

Shangazi akalivuta faili la jana. Sahihi yake ilikuwepo, imenyooka vizuri kabisa. Akakaa kwenye kitanda kitupu.

"Nikitoka, nani atabaki?" akauliza.

"Na tukiua mtu je?"

Shangazi akavua shingoni ufunguo wa kabati la dawa, akamkabidhi mwenzake, akaenda ofisini kwa muuguzi mkuu kabla moyo haujamgeuka.

"Unaumwa?" mkuu akauliza.

"Hapana. Nimechoka hadi sisikii ninachoambiwa. Naomba nipumzike, nisije nikaua."

Mkuu aliitazama ratiba ya zamu ukutani, akashusha pumzi. Akalifuta jina la shangazi kwa siku saba. Kwenye nafasi hizo, yeye ambaye hakuwa ameshika zamu ya wodini kwa miaka mingi, akaandika jina lake mwenyewe.

Shangazi alipoona hivyo alifungua mdomo alifute ombi lake. Mkuu akamwonyesha mlango kwa kalamu.

"Nenda, mdogo wangu, kabla sijaghairi."